Pale kwa Mpemba

Mjukuu wangu yuko kidato cha pili. Juzi tulikuwa tunasubiri bodaboda alete mtungi wa gesi, nami namwelekeza dereva kwa simu: pita msikiti, kata kushoto penye mwembe, ukimwona mama anauza mihogo umefika. Mtoto akanitazama, akaniuliza, "Babu, kwani kabla ya lokesheni watu walikuwa wanafikaje?"

Aliuliza kwa nia njema kabisa. Ila swali lilinikaa kooni, kwa sababu jibu lake lilikuwa mtu, na mtu huyo amekwisha kufa, na duka lake limevunjwa, na sina pa kumpeleka mtoto akaone.

Nilikuwa tarishi. Siku zote nimekuwa nikisema nilianza kazi 1983. Nimeitafuta barua ya ajira, inasema 1984. Haidhuru. Ofisi yetu, ya wakala wa forodha, ilikuwa Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, na mimi nilikuwa na baiskeli, mkoba wa turubai na daftari la dispachi. Karatasi ilitakiwa imfikie mwenyewe mkononi, asaini. Sasa bahasha nyingi zilikuwa na jina na S.L.P. tu, na sanduku la posta halina mlango wa kugonga. Kariakoo nayo mitaa yake imenyooka kama imepigwa rula, kona zinafanana, na mgeni angeweza kuuzunguka Mtaa wa Sikukuu asubuhi nzima akidhani yuko Mtaa wa Swahili.

Hapo ndipo nilipofika kwa Mpemba. Kibao cha duka kilikuwa na jina jingine, lile la leseni, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitaja. Jina la kuzaliwa la Mpemba mwenyewe nililisikia siku ya mazishi yake. Ukiingia, pua ilikutana na mafuta ya taa kwanza, kisha karafuu, kisha papa mkavu aliyening'inizwa juu ya magunia, na ukisogea karibu na kaunta unapata ubani, kwa maana alikuwa akifukiza kila alfajiri kabla ya kufungua. Hata miaka ile ya foleni za kununua bidhaa, rafu zake zilipokuwa tupu, harufu ilibaki. Sukari aliipima kwa mizani ya mawe na kuifunga kwa karatasi ya kaki, mkunjo mmoja, bila uzi, na haikumwagika. Chini ya mizani alikuwa na kopo la biskuti lenye barua za watu. Nusu ya mtaa walitumia sanduku lake la posta, na barua zilizokuja alizipanga humo akimngoja mwenyewe apite.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Leo wamtaka nani, yakhe?"

Hakuwahi kunitajia mtaa. Aliwataja watu. Nenda hadi kwa muuza kahawa, mwambie nimekutuma, atakuonesha mlango wa fundi saa. Mtu akihama fremu, kabla hajabandika karatasi ya "tumehama" alikuwa amekwisha kupita kumwambia Mpemba alikokwenda.

Siku moja alinielekeza kwa fundi cherehani mmoja, nami nikaenda, nikakuta mlango umefungwa. Nilisimama pale juani nikigonga. Mara namwona Mpemba anakuja na kofia yake na msuli, anahema. Alikuwa amekumbuka, mimi nimeshaondoka, kwamba yule fundi alihamia Gerezani tangu mwezi wa Ramadhani. Alimwachia duka kijana wa jirani, akanifuata kwa miguu. "Nimekupotosha, mwanangu," akasema, akanitembeza mpaka kwenye mlango wenyewe, akasubiri nisainiwe, ndipo akarudi dukani. Mzee mwenye duka wazi na wateja wanasubiri! Nimeifikiria safari ile mara nyingi kuliko safari zangu zote za kazi.

Alipofariki, wanawe waliuza. Nyumba ikavunjwa kwa siku mbili, likapanda ghorofa lenye fremu nyingi, kila moja upana wa kabati. Nilipita siku wanayoshusha bati. Vumbi la udongo lilikuwa bado linanuka karafuu.

Simu zenye ramani zikaja. Sikuzipa uzito mpaka 2015, pale wanafunzi wa vyuo, wakiwamo wa Chuo Kikuu Ardhi, walipopita mitaa yetu kwa mradi wa Ramani Huria wakiuliza maji ya mafuriko yalifika wapi. Mimi naishi Tandale, nikawaonesha alama ukutani. Kijana mmoja akanionesha jibu langu likiingia kwenye ramani, akaniambia ramani ile, OpenStreetMap, ilianzia Uingereza 2004 na mtu yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Nilishangaa, nikaiacha.

Kilichonirudisha ni dawa. Mke wangu anatumia insulini. Masika moja dawa iliisha usiku, na asubuhi nikatafuta kwenye simu, kwenye ramani nyingine wanayoitumia wengi, nikaona duka la dawa lililonijibu kwa simu kwamba wanayo. Alama yake ilikuwa Kariakoo. Nikapanda bodaboda. Tulipofika Jangwani maji yamekata barabara, polisi wamezuia, tukazungukia mbali, na Kariakoo kwenyewe nikakuta wanauza viatu. Nikapiga tena. "Mzee, sisi tuko Magomeni Mapipa, Kariakoo tulihama zamani." Mapipa! Tulikuwa tumepita hatua mia mbili kutoka mlangoni pao. Mke wangu alikaa mpaka saa tisa mchana bila dawa, na hakuna aliyenifuata kwa miguu kuniambia amenipotosha.

Jumapili iliyofuata nilianza kurekebisha ramani zote mbili, na sijaacha. Kazi yenyewe ni ya miguu. Unasimama mlangoni, si ng'ambo ya barabara, unangoja kile kiduara cha simu kitulie. Kariakoo hakitulii upesi, kwa kuwa ishara za setilaiti zinagonga maghorofa na kurudi, na simu inaweza kukuambia uko mtaa wa pili. Basi unahesabu milango kutoka kona. Picha za angani nazo zina hila zake: ghorofa refu huonekana limelala upande, ukilifuata paa unaweka duka katikati ya barabara. Unasoma kibao, unamuuliza muuzaji mko hapa tangu lini, mnafungua saa ngapi, ghorofa ya ngapi. Unaisogeza nukta. Mwisho unaandika kwa maneno machache umebadilisha nini na umejuaje. Mimi huandika: nimefika mwenyewe. Kwenye ramani ile nyingine unatuma pendekezo na kungoja wenyewe walikubali.

Duka la dawa lilikuwa la kwanza kulisogeza.

Nimekuta shule iliyowekwa juu ya bonde la Msimbazi, zahanati iliyo mtaa mwingine kabisa, gereji tatu zilizorundikwa nukta moja katikati ya jiji kwa sababu aliyeziandika alikuwa amekaa kitini na hakujali kuzivuta mahali pake. Hilo linaniudhi kweli. Mtu anafungua biashara, anapaka rangi, anaweka taa, halafu mlango wake anaubandika popote, na mgonjwa au mama mwenye mtoto mgongoni ndiye anayelipa nauli ya kosa lile. Baada ya soko la Kariakoo kuungua, wafanyabiashara walitawanywa huku na huku, na nukta zao zikabaki pale pale kwenye jengo lililofungwa. Kazi ile ilinichukua miezi. Kisha zikaja namba za nyumba na nguzo za majina ya mitaa, 2022, jambo jema ambalo nililisubiri tangu utarishi wangu. Nguzo ya karibu nami sasa imeangushwa na lori na haijainuliwa.

Vijana wengi wa bodaboda hawaulizi tena. Wanasimama pale simu iliposimama, wanapiga honi.

Swali la mjukuu lilinipeleka Kariakoo Jumamosi. Kanuni ya ramani yetu ni kwamba kilichovunjwa hakichorwi, hata ukikipenda vipi, na nimeiheshimu; sijaliweka duka lile. Lakini jina la mahali linaandikwa kama watu bado wanalitumia. Nikakaa kwenye ngazi za ghorofa lililopanda pale. Akaja kijana wa guta na marobota ya vitenge, hajafika miaka ishirini, simu sikioni, anapaza sauti: "Bosi, mzigo nimeushusha hapa kwa Mpemba. Njoo kwa Mpemba!"

Nikamuuliza, "Mwanangu, Mpemba yupi?"

Akatazama huku na huku, akaonesha kona kwa kidevu. "Mzee, si hapa? Hapa ndiyo panaitwa hivyo."

Nilitoa simu, nikangoja kiduara kitulie, nikahesabu milango kutoka kona.