Tuliogopa Chumba cha Giza cha Binti Yetu

Tunaandika kutoka Wagenia, hapa ambapo sauti ya maji haikomi usiku wala mchana. Sisi ni dada watatu, tunakaa katika parseli moja aliyotuachia baba yetu. Mmoja wetu anauza mikate asubuhi, mmoja anashona nguo, na mmoja anafundisha kemia na biolojia shuleni. Huyu wa shule ndiye anayeshika kalamu leo, lakini maneno ni yetu sote watatu. Zamani tulikuwa wanne. Mdogo wetu alifariki, akatuachia binti ambaye sasa ana miaka 16 na anatuita sisi wote mama. Juma hili tunataka kuwaambia jinsi tulivyokuwa karibu kumkosea mtoto huyo, ili mwenzetu mmoja asije akafanya tulichotaka kufanya sisi.

Baba yetu alikuwa mpiga picha. Mnajua wageni wanavyopenda kuja hapa kutazama wavuvi wetu: miti mikubwa iliyosimamishwa katikati ya maji makali, imefungwa kwa kamba za msituni, na vikapu virefu vinaning'inia kungoja samaki. Baba aliwapiga wageni picha wakiwa mbele ya miti ile. Alipiga pia ubatizo, ndoa na watoto wachanga. Usiku alisafisha picha zake nyumbani, katika chumba kidogo nyuma ya jikoni kisicho na dirisha. Sisi watoto tulikatazwa kuingia.

Wakati wa vita vya siku sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu wa Kisangani, kibanda chake cha mjini kiliungua. Picha zote zilizokuwa zinangoja wenyewe ziliteketea. Hapa nyumbani zilibaki negativu katika mikebe ya maziwa ya unga, mashine ya kukuzia picha, na maboksi mawili ya karatasi yasiyofunguliwa. Baba hakurudi tena katika kazi ile. Alipofariki, tulifunika mashine kwa kitenge cha zamani, na chumba kikawa stoo ya makaa.

Binti yetu alikuwa na miaka 14 alipoifunua. Alimwuliza yule wetu wa kemia maswali mengi ya ajabu. Kwa nini soda ya mikate ikikaangwa kavu kwenye sufuria inabadilika? Kahawa ina nini ndani yake? Mwalimu alijibu kama walimu wanavyojibu, akafurahi kuona mtoto anapenda somo, wala hakuuliza anataka kufanya nini. Kumbe mtoto alikuwa amesoma kwamba mwaka 1995, katika chuo kimoja cha Rochester, Marekani, mwalimu na wanafunzi wake walionyesha kwamba kahawa iliyochanganywa na soda ya kufulia inaweza kusafisha picha. Baadaye watu waliongeza vitamini C ili kazi iende vizuri zaidi. Soda ya mikate ikikaangwa vizuri inageuka kuwa ile ya kufulia. Kahawa ya robusta haijawahi kukosekana katika nchi yetu hii, na vidonge vya vitamini C viko katika kila famasi. Dawa ya kukaza picha tu ndiyo iliyotoka mbali: jamaa mmoja alimletea kutoka Kinshasa kwa boti.

Tulipomwuliza ni nani aliyemtia hamu hiyo, alitutajia jina la Samuel Fosso. Huyo alizaliwa Kameruni mwaka 1962, akalelewa Nigeria, akapoteza mama yake angali mdogo. Mjomba wake alimchukua mpaka Bangui, ng'ambo ya mto Ubangi, karibu na mpaka wetu. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13 tu, alifungua studio yake mwenyewe. Mchana alipiga wateja. Jioni, filamu ikibaki na nafasi chache, alivaa vizuri akajipiga mwenyewe, kisha akamtumia bibi yake Nigeria ili ajue mjukuu yuko hai na yuko salama. Leo picha hizo zinatundikwa katika nyumba kubwa za sanaa duniani. Lakini binti yetu hakusisitiza sifa hizo. Alisema, «Mama, mwaka 2014 nyumba yake ya Bangui ilivamiwa wakati wa fujo, negativu zikatupwa barabarani, watu wakaziokota moja moja. Na sisi tunazo katika mikebe, hatuzitazami.»

Alitutajia pia mwanamke, Alice Seeley Harris, Mwingereza wa misheni. Mwaka 1904, huko Baringa, katika Kongo yetu hii, alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha kama hizo zilizungushwa Ulaya na Marekani, na waliokuwa wanabisha wakakosa la kusema. Mwaka 1908 mfalme Leopold II alinyang'anywa Kongo aliyoitawala kama shamba lake mwenyewe. «Alikuwa mama mwenye kamera tu,» binti yetu alituambia.

Tulimsikia, lakini hatukumsikiliza. Tulichoona sisi ni kitu kingine. Umeme hapa unakuja unapotaka, mara nyingi usiku wa manane. Ukija tu, mtoto anaamka, anajifungia katika chumba cha makaa, na mwanga mwekundu unapita chini ya mlango. Anatoka saa tisa ya usiku, vidole vimekuwa vya rangi ya kahawa, macho mekundu. Asubuhi analala darasani.

Na majirani wana macho. Maneno yalianzia kwenye bomba la maji. Yatima. Anakaa gizani peke yake. Anazungumza na sura za wafu. Wamama, hatuhitaji kuwaandikia neno walilolitumia. Mnalijua, na mnajua watoto wangapi wanalala sokoni kwa sababu ya neno hilo. Koko mmoja, jirani yetu wa miaka mingi, ndiye aliyelisema kwa sauti mbele yetu.

Tuseme ukweli wote. Hatukumkatalia. Mtu mmoja anayeombea watu alitushauri tumpeleke mtoto kwake, afunge siku tatu bila chakula wala maji, ili «atakaswe». Tulikaa sisi watatu jioni, tukajadiliana, tukaitika. Tulipanga Jumamosi. Hata yule wetu mwenye diploma ya ISP, anayefundisha watoto wa wengine kutofautisha jambo lililothibitishwa na uvumi, aliitika. Woga hauulizi diploma.

Usiku wa Alhamisi umeme ulikuja. Hatukulala. Tulisimama mbele ya ule mlango, tukagonga. Sauti ikatoka ndani: «Ngojeni kidogo, mama, karatasi iko wazi.» Kisha akafungua, akatuingiza upesi, akafunga tena. Hakuona aibu wala hofu. Alifurahi. Alikuwa ametungoja miaka miwili tuombe kuingia.

Ndani mlikuwa na ampuli nyekundu, mabeseni matatu ya plastiki, na harufu ya kahawa iliyochacha. Aliweka negativu katika mashine, mwanga mweupe ukapita katika kile kipande kidogo ukaanguka juu ya karatasi, akahesabu mpaka 12, akazima. Karatasi ilibaki nyeupe kabisa. Akaitia katika beseni la kahawa, akaanza kulitikisa polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga. Hakuna kitu. Bado hakuna kitu. Kisha doa, kisha nywele, kisha macho mawili, na mama mmoja aliyevaa kitambaa cha ndoa akawa anatutazama kutoka majini.

Mwalimu wetu alijua sababu. Karatasi imepakwa chumvi za madini ya fedha. Mwanga ukizigusa zinabadilika, ila jicho haliwezi kuona mpaka dawa izigeuze kuwa fedha nyeusi. Na karatasi hiyo haisikii mwanga mwekundu, ndiyo maana ya ile ampuli. Amelifundisha jambo hilo ubaoni kwa chaki. Lakini alipoliona likitokea mbele yake alilia kama sisi wengine. Jumamosi hatukumpeleka mtoto mahali popote.

Tulichofanya ni kufungua mlango. Tuliwaalika majirani kuingia, watatu watatu, kwa sababu chumba ni kidogo. Wengine walikuja kucheka, wakatoka wanauliza: je, picha ya ndoa yangu imo katika mikebe hiyo? Mara mbili tatu ilikuwemo.

Koko yule alikuja wa mwisho. Hakuingia. Alisimama nje akasema mtoto wake wa kiume, mvuvi, alifariki katika zile siku za Juni, na hana picha yake hata moja. Binti yetu akamwambia, «Koko, keti,» akamletea kiti, akamwuliza kijana alikuwa anasimama wapi kwenye miti, na alikuwa na umbo gani.

Jioni kumi na moja alitazama negativu moja moja mbele ya dirisha. Akampata. Ilikuwa picha ya mgeni mwenye kofia anayecheka. Na nyuma ya bega la mgeni, juu ya miti, kijana mdogo kama punje ya maharagwe. Alipandisha kichwa cha mashine mpaka juu kabisa, akasogeza karatasi mpaka mgeni akabaki nje yake. Sura ilitoka na chembechembe kama unga, na kingo za kijivu kwa sababu karatasi zimezeeka. Hatukujua kama itatosha.

Koko aliishika kwa mikono miwili, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, «Ni yeye. Alikuwa anasimama hivyo, mguu wa kushoto mbele.» Kesho yake alituma samaki wa kukausha. Na kwenye bomba la maji, palepale aliposema lile neno, alilifuta mwenyewe mbele ya watu wote. Sisi hatukumwomba.

Wamama wapenzi, Katiba ya nchi yetu, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa adhabu anayefanya hivyo. Tulikuwa tunaijua sheria hiyo, na haikutuzuia. Kilichotuzuia ni kugonga mlango na kuingia. Mtoto wako akipenda kitu usichokielewa, usiulize jirani. Mwombe akuonyeshe.

Kwa wale walio na negativu za wazee katika masanduku, binti yetu anaomba mambo matatu. Msizitupe hata kama picha zake zimepotea. Mzishike pembeni tu, kwa sababu jasho la vidole linaziharibu. Mziweke mahali pakavu, mbali na ukuta wenye unyevu. Na kwa wamama wenye watoto kama wetu: mabeseni ya dawa yasirudi tena jikoni, na mlango wa chumba uachwe wazi dakika chache kati ya kazi ili hewa iingie.

Tumepatana naye pia: usiku wa shule analala, hata umeme ukija. Anafanya kazi Ijumaa na Jumamosi. Alinung'unika, akakubali.

Karatasi za baba zilikuwa 200. Zimebaki 23, na hatujui tutapata wapi nyingine. Kwa hiyo kila juma anachagua negativu moja tu, na anatuita sisi watatu tuchague pamoja naye. Juma lijalo ni zamu ya mama yake.