Kupona na Kutibiwa

Katika Kiswahili tuna vitenzi viwili ambavyo wanafunzi wetu wa Kampala huvichanganya: kutibiwa na kupona. Mwalimu mwenzetu mmoja alipobadilishwa kilango cha moyo, shule nzima ilisema amepona. Yeye husahihisha: "Nimetibiwa."

(Wataalamu husema vali. Sisi twapenda kilango, kwani mwanafunzi hufahamu mara moja kuwa ni mlango mdogo upitishao damu upande mmoja tu.)

Maradhi yake yalianzia kooni, utotoni. Mwili, katika kupigana na vijidudu vya koo, huweza kuushambulia moyo wake wenyewe. Miaka ikipita, vilango hukakamaa. Ndipo chumba cha juu cha moyo hutanuka, kikawa chatetemeka badala ya kupiga, na mapigo huenda shaghalabaghala. Damu ituamayo humo huganda, na bonge likifika ubongoni, mtu hupooza.

Kilango cha bandia alichotiwa kina visahani viwili vya kaboni. Chumba cha walimu kikinyamaza, twakisikia: ti, ti, ti. Daktari naye husikiliza mlio huo. Ukiwa mkavu hufurahi, ukififia huingiwa na shaka kwamba damu imeganda hapo, akakitazama kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Kila mwezi mwenzetu hupimwa damu, nasi humshikia vipindi. Kipimo cha kuganda kwake hutakiwa kiwe baina ya 2.5 na 3.5: kikishuka, damu huganda, kikipanda, huvuja. Wafarini atameza kila siku maisha yake yote. Hata dodo, mboga yetu ya kila jioni, ina masharti. Haikatazwi, ila isiliwe leo tele na kesho ikakosekana, maana huipunguzia dawa nguvu.

Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1988, lakini habari iliyotugusa zaidi sisi walimu ilitoka Gulu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 ulihusu watoto na vijana 818, wa miaka 5 hadi 17, ambao maradhi haya yalikuwa yameanza kimyakimya, yasionekane ila kwa mashine. Nusu yao walichomwa penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2. Miongoni mwao, waliozidiwa walikuwa 0.8 kwa mia. Miongoni mwa wasiochomwa, 8.2 kwa mia. Sindano hiyo yauma sana. Umri wao ni wa wale tunaowafundisha, wale wajao asubuhi wakisema, "Mwalimu, koo laniuma," nasi tukawaambia wakae, somo liendelee.