Kipimo cha Baruti

Kwetu Bulembia, katika bonde la mto Nyamwamba, shaba ni jambo la kila nyumba. Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese. Mwaka huohuo, huko Marekani, kampuni ya Winchester ilitoa risasi ya .458 Winchester Magnum, iliyokusudiwa tembo na nyati wa Afrika. Nilikuja kuijua habari hiyo darasani, tulipopewa zoezi la kukusanya istilahi za kazi ambayo hakuna kati yetu aliyepata kuifanya. Mimi nilichagua kazi ya kupakia risasi kwa mkono.

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Ganda ni mchanganyiko wa shaba kama asilimia 70 na zinki asilimia 30, na ndiyo maana linaweza kutumika tena. Fundi huliokota likishafyatuliwa, hulisafisha, hulirudishia umbo lake na kulipunguza likiwa limerefuka. Kisha hutia fataki mpya, hupima baruti kwenye mizani ndogo, halafu hukaza kichwa. Hatua zote hizo ni za kupima.

Nilidhani bunduki ya magnamu hutaka baruti nyingi tu. Sivyo. Fundi hufuata kitabu cha vipimo, huanza chini, hutengeneza risasi chache za kipimo kimoja, na chache za kipimo kilichozidi kidogo sana, bila kuvuka mpaka wa kitabu. Hufyatua kila kundi kwenye karatasi umbali wa mita 100 na kutazama matundu. Kipimo ambacho matundu yake yamekaa pamoja ndicho bunduki hiyo inachokipenda, na mara nyingi si kile chenye nguvu kuliko vyote. Bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza kupenda vipimo tofauti.

Tunasema haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hakitaki kushindiliwa ovyo. Ile .458 yenyewe ni ushahidi. Ganda lake lilikuwa fupi kwa kichwa kizito cha greni 500, yaani gramu 32 hivi, kwa hiyo baruti ilishindiliwa. Baadhi ya risasi zilizokaa muda mrefu ziliganda baruti ndani, haikuungua sawasawa, na kichwa kikatoka kwa unyonge mbele ya mnyama mkali. Mwindaji Jack Lott alitafuta dawa ya tatizo hilo kwa kurefusha ganda, na mwaka 1971 ikapatikana .458 Lott. Waingereza walikuwa wameshafikiria joto la nchi zetu tangu 1911, walipoipa .416 Rigby ganda kubwa ili mgandamizo usipande mno. Maana baruti nyingi huongeza mgandamizo jua linapowaka: kipimo kilichojaribiwa asubuhi ya baridi chaweza kuwa cha hatari saa nane mchana katika tambarare ya Kasese. Fundi mwenye busara huacha nafasi.

Katika Uganda mtu haruhusiwi kutengeneza risasi bila leseni, nami sina haja nayo. Nilichovutiwa nacho ni sababu ya kujisumbua kote huku. Mama yangu mdogo analima pamba Nyakatonzi, karibu na hifadhi ya Queen Elizabeth. Siku moja nyati alijeruhiwa na risasi ya mtu asiyejulikana, akajificha vichakani. Kwa siku tatu watoto hawakwenda shule na hakuna aliyethubutu kwenda kuchota maji peke yake, mpaka askari wa wanyamapori walipomfuata na kummaliza. Nyati mzima hukimbia watu. Nyati mwenye jeraha huwasubiri.

Wapo wanaosema kupima baruti hadi sehemu ya kumi ya greni ni mchezo wa matajiri. Mimi naona tofauti ya greni hizo huenda kulipwa na mtu ambaye hakushika bunduki kabisa. Katika orodha yangu ya istilahi neno la mwisho lilikuwa "shabaha". Kwa Kiswahili ni ile alama inayolengwa, na pia ni kusudi la mtu. Niliandika maana zote mbili, na mwalimu hakuifuta hata moja.