Doli la Mazoezi na Upimaji wa Wakunga

Kumbukumbu za ukunga huko Mungaa, kata ya Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, hazitenganishwi na Hospitali ya Makiungu, ambayo masista wa Medical Missionaries of Mary waliianzisha katika miaka ya 1950. Enzi hizo, hapa nchini kama kwingineko, mwanafunzi wa ukunga alipimwa kwa mzazi aliyekuwa wodini siku ya mtihani, hivyo mmoja aliweza kufuzu bila kumwona kichanga aliyezaliwa hapumui, ilhali mwenzake alikutana na hatari hiyo mtahini akiwa amesimama kando.

Mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, alieleza mtihani wa vituo, unaoitwa oski, ambamo watahiniwa wote hupewa kazi ileile na kusahihishwa kwa orodha moja ya hatua. Haki hiyo ya kupimwa kwa usawa iliwafikia wakunga wa Tanzania kwa uzito mpya kuanzia 2009, hospitali nane zilipojaribu Helping Babies Breathe, mafunzo ya kuwasaidia vichanga kupumua, kwa kutumia NeoNatalie, doli la kampuni ya Laerdal ya Norwei, ambalo hujazwa maji ili liwe na uzito wa kichanga, na ambalo kifua chake hakiinuki mpaka barakoa ya kupumulishia ishikwe sawasawa. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Hata hivyo, utafiti wa Hospitali ya Haydom, katika mkoa jirani wa Manyara, ulionyesha jambo zito: baada ya mafunzo ya siku moja wakunga walifaulu vizuri mbele ya doli, lakini utendaji wao katika chumba cha kuzalia haukubadilika, na vifo vilipungua tu mazoezi mafupi yalipofanywa mara kwa mara palepale kazini. Hapo ndipo cheti cha mafunzo kilipopoteza hadhi ya kuwa ushahidi wa kutosha.

Mpango wa Safer Births, ulioongozwa na Benjamin Kamala wa Haydom, ulijengwa juu ya funzo hilo: vituo 30 vya kutolea huduma za afya katika Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza vilipata wakufunzi kutoka miongoni mwa watumishi wao wenyewe, na matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha vifo vya kina mama kupungua kwa takriban asilimia 75. Singida haikuwamo katika mikoa hiyo mitano. Mpango huo utastahili kuitwa wa kitaifa pale mkunga wa zamu katika kata kama Mungaa atakapokuwa na doli ndani ya wodi, badala ya kabati lililofungwa, na mwenzake aliyefunzwa kumpima kila wiki.