Vitabu vya Hesabu vya Mishamo

Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Machimbo yalipofungwa reli ilibaki, na kuanzia mwaka 1973 ikabeba shehena ambayo waliotandika mataruma yake hawakuiwaza: majembe, mbegu za mahindi, mabati, saruji, mapipa ya dizeli, na familia za Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini mwao. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka huo wa 1973, jirani na reli. Mishamo ilifuata mwaka 1978, ndani kabisa ya misitu upande wa kuelekea Kigoma, na wengi wa wakazi wake walihamishwa kutoka Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako ardhi ilikuwa imeelemewa. Mimi nilifika Mishamo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kijana wa Mpanda mwenye cheti cha kidato cha nne na kozi ya utunzaji wa vitabu vya hesabu, nikaajiriwa ukarani.

Kazi ile ilikuwa na wenyewe watatu. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi na utawala. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilitafuta fedha. Utekelezaji ulikuwa mikononi mwa TCRS, tawi la Shirikisho la Kilutheri Duniani, lililoanza kuhudumia wakimbizi nchini mwaka 1964. Kwa karani, maana ya utatu huo ilikuwa karatasi. Hati moja ya malipo ilihitaji nakala kwa huyu na kwa yule, na kila mwenye nakala alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini lita hizi za dizeli zimeandikwa kwenye kifungu cha visima wakati lori lilibeba mbegu.

Mkoa wa Katavi haukuwapo bado. Tulikuwa wilaya ya Mpanda, mkoa wa Rukwa, na kwa watu wa Dar es Salaam tulikuwa mwisho wa dunia. Benki ilikuwa Mpanda mjini, Mishamo ilikuwa mbali, na barabara masika ilikuwa inakatika. Kwa hiyo fedha zilitoka kwa masurufu. Mtu anachukua kiasi, anasaini, anakwenda nacho vijijini, anarudi na stakabadhi na orodha ya malipo yenye madole gumba ya wino wa zambarau, anarejesha masurufu yake, ndipo apewe mengine. Mishamo ilikuwa na vijiji 16, na kulipa vibarua wa barabara katika vijiji vyote kulichukua siku nyingi. Malipo yalifanyika hadharani, chini ya mti au kwenye uwanja wa shule. Jina linaitwa kwa sauti, mtu anasogea, fedha zinahesabiwa mbele ya wenzake. Jina la mtu hewa lisingepita pale, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza.

Miaka ile nchi yenyewe ilikuwa na dhiki. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, hazina ilikuwa tupu, mafuta yalikuwa ya kutafutwa, sabuni ilipangiwa foleni. Mwenye bajeti ya fedha za kigeni alionekana tajiri, lakini fedha zikiingia nchini zilibadilishwa kwa kiwango cha serikali, huku bei za mitaani zikienda njia yake. Mwaka 1984 dola moja ilifikishwa shilingi 17, na Juni 1986 ikapanda hadi shilingi 40. Nakumbuka siku ile taarifa ilipofika kwa redio ya mawasiliano. Bajeti iliyokuwa imeandikwa kwa uangalifu miezi mingi iligeuka usiku mmoja. Kwa shilingi tulikuwa na zaidi ya mara mbili ya tulichokuwa nacho jana, na kabla ya mavuno yaliyofuata vipuri vya malori vilikuwa vimekwishaimeza tofauti yote. Tangu hapo sikuamini tena tarakimu moja peke yake. Kila nilipoandika kiasi cha fedha niliandika pembeni kwa penseli kinanunua magunia mangapi ya mahindi.

Lakini ninachotaka hasa kukisimulia ni kifungu cha chakula. Mhasibu wetu mkuu, mzee wa Kinyakyusa aliyekuwa mkali kwa kalamu na mpole kwa watu, alikuwa akifungua leja kila robo mwaka na kuanza na kifungu hicho kabla ya kutazama kitu kingine. Wakimbizi waliofika walipewa mgao wa chakula mpaka mashamba yao yavune, kisha mgao ukapunguzwa kijiji kwa kijiji. Kifungu kilitakiwa kushuka. Kikishuka, mzee alisema, “Mwanangu, hapa kazi inakwenda,” na kikikwama aliita magari, akaenda mwenyewe kuona kama mvua imekosekana au mbegu zilichelewa. Bajeti nzima ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya siku itakayofungwa. Walioipanga walijua ni miaka mingapi inahitajika mpaka familia ijitegemee, wakaomba fedha za miaka hiyo, wakapewa. Tumbaku na mahindi ya Katumba na Mishamo yalianza kushuka sokoni Mpanda, na wakimbizi wakawa wanalipa kodi kama wenyeji. Katumba ilikabidhiwa serikalini mwaka 1978, Ulyankulu mwaka 1980, na Mishamo ikakabidhiwa mwaka 1985. Nilishiriki kuandaa orodha za makabidhiano za Mishamo: madarasa, zahanati, visima, matrekta, hadi majenereta na viti. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alikuwa ametunukiwa Nishani ya Nansen kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi, na sisi makarani wa porini tuliona sehemu yetu ndogo ndani ya heshima ile.

Baada ya makabidhiano mambo yalikuwa magumu kwa namna nyingine. Serikali iliyokuwa ikibana matumizi kila mahali isingeweza kuendesha malori na pampu kwa kiwango kile kile, na vifaa vikachakaa. Hilo silifichi. Hata hivyo watu walikuwa na mashamba, na mashamba hayahitaji hati ya malipo.

Miaka ya 1990 ilibadilisha kila kitu. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Fedha za dunia zikaelekea huko, na sisi wenye uzoefu tukazifuata. Nilifanya kazi Kasulu, kwenye kambi za Warundi wapya. Ukubwa wa fedha ulinishtua, na haraka yake zaidi. Mkataba ulikuwa wa miezi 6, au wa mwaka ukibahatika. Ripoti iliyokuwa ya robo mwaka ikawa ya mwezi, kisha mfadhili mmoja akataka ya kila wiki, na kila mfadhili alikuwa na jedwali lake, sarafu yake na namna yake ya kuita kitu kilekile. Leja ikahamia kwenye kompyuta. Mimi niliipenda kompyuta kwa dhati. Iliniondolea usiku mwingi wa kutafuta shilingi 5 iliyopotea. Ila kifungu cha chakula cha Kasulu hakikushuka kamwe. Wakimbizi wa kambi zile hawakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini, na mtu wa kilomita 4 halimi shamba la kulisha watoto. Mgao ulipungua pale tu wafadhili walipopunguza, na hapo aliyejua siku ya kufunga hesabu hakuwapo.

Nilirudi Katumba mwaka 2008, nikiwa mhasibu wa shirika moja lililochangia utekelezaji wa mpango mkubwa wa serikali ya Tanzania, ya Burundi na UNHCR juu ya wakimbizi wa 1972. Walikuwa kama 218,000 katika makazi yote matatu. Kila familia iliulizwa inataka kurudi au kuomba uraia, na takriban wanne kati ya watano walichagua Tanzania. Waliochagua kurudi waliondoka, na Burundi wakati huo ilimpa kila anayerejea faranga 50,000 za kuanzia. Upande wa uraia kazi ilikuwa kubwa ya fomu, picha na mahojiano, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba watu 162,156 wamepewa uraia. Sijui nchi nyingine iliyofanya jambo kama hilo kwa idadi ile kwa mara moja, na kila nikilitaja kifua changu kinapanuka.

Lakini uraia ule ulikuja na sharti. Makazi yatafungwa, na raia wapya watatawanywa katika mikoa mingine, kila familia na msaada wake wa kuhamia. Vyeti vikasubiri uhamisho, uhamisho ukasubiri fedha na ridhaa ya mikoa ya kupokea, mwaka 2011 zoezi likasimama, na watu wakabaki Katumba na Mishamo hawana uraia mkononi wala hawana tena hadhi ya mkimbizi kamili.

Kwa mhasibu, miaka ile ilikuwa mateso ya kipekee. Nilikuwa na kifungu cha kuhamisha watu ambacho hakikuguswa, na nilikuwa na darasa lililoezuliwa paa ambalo halikuwa na kifungu. Kuhamisha fedha kutoka kasma moja hadi nyingine kulihitaji kibali cha mfadhili, na jibu lilikuwa lilelile: fedha za umma wa nchi yao hazijengi paa la shule katika makazi yatakayofungwa. Kimahesabu walikuwa na haki. Mkaguzi angekuja angewauliza. Desemba ikafika, fedha zisizotumika zikarudishwa, Januari tukaandika maombi mapya ya kuhamisha watu wasiohama. Watoto wakasoma chini ya anga mvua zikinyesha. Wazazi nao walifanya hesabu hiyohiyo kwa fedha zao wenyewe: walioambiwa wajiandae kuhama hawakufyatua tofali wala kuchimba kisima kipya.

Mzee mmoja wa Katumba alinikuta ofisini asubuhi moja. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa.

“Bwana mhasibu, wewe ndiwe unayeona fedha kabla yetu. Nina miche ya miembe. Niipande au niigawe?”

“Mzee wangu, kwenye vitabu hivi hakuna jibu la hilo.”

“Basi nitaipanda,” alisema. “Nikiondoka, atakula atakayekuja.”

Hesabu ya kusubiri kule haikuandikwa mahali popote. Hakuna kasma yake. Ukijumlisha mazao ya kudumu yasiyopandwa, nyumba zisizojengwa, maduka ya vijijini yasiyofunguliwa kwa sababu mkopo haupatikani kwa mtu asiye na karatasi, ninaamini gharama ya miaka 4 ile ilizidi bajeti yote tuliyoirudisha kila Desemba. Ningekuwa na madaraka ningeamuru kila ombi la fedha za wakimbizi liwe na ukurasa mmoja unaosema siku ambayo uamuzi utatolewa, na gharama ya kila mwezi wa kuchelewa.

Sharti la kuhama liliondolewa, na tarehe 14 Oktoba 2014 Rais Kikwete alianza kukabidhi vyeti. Mwaka uliofuata wakazi wa Katumba na Mishamo walipiga kura yao ya kwanza. Mkoa wa Katavi ulikuwa umezaliwa mwaka 2012, Katumba ikaangukia halmashauri ya Nsimbo, na darasa la Katumba likaanza kushindania fedha na madarasa mengine ya halmashauri kwa kanuni zilezile. Fedha ni kidogo, mlolongo ni mrefu, ila diwani ana jina na anaulizwa.

Siku hizi nimestaafu, na nikipata nafasi ninakwenda Mwese, juu ya milima. Mwese ndiko Wanyarwanda walikopewa makazi miaka ya 1960, kabla ya Katumba na Mishamo, na Wanyarwanda wa wakati ule ndio waliofungua mlango wa uraia mwaka 1980. Sasa Mwese ni kijiji cha wilaya ya Tanganyika, kimojawapo cha vijiji 8 vinavyotunza msitu wa Ntakata na kulipwa kwa hewa ukaa. Fedha zinaingia akaunti ya kijiji, zinajenga zahanati na madarasa na kulipa walinzi wa msitu. Mapato na matumizi yanasomwa kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na kifungu cha zahanati kikipita robo mwaka bila kuguswa, mtu anasimama anauliza kwa nini.