Wachumba Nyuma ya Mlima Meru

Ukiishi Nkoaranga ni rahisi kusahau kwamba Mlima Meru una upande mkavu. Huku kwetu migomba imebanana na kahawa, na nguo ulizoanika asubuhi huenda jioni zikawa bado mbichi. Upepo wa mvua kutoka Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya kusini na mashariki kwanza. Kaskazini hufika umeishiwa mvua. Kwa hiyo wachumba wawili wa hapa kijijini waliponiomba picha za jangwani kabla ya harusi, sikuwapeleka mbali hadi Ziwa Natron. Niliwaambia twende Ngarenanyuki, nyuma ya mlima wetu wenyewe.

Tuliondoka alfajiri kwa Noah ya kukodi, shangazi wa binti akiwa kiti cha mbele na chombo cha chakula cha loshoro mapajani. Tuliteremka hadi barabara ya Moshi, na Usa River tukakata kushoto kuelekea Ngurdoto. Njia inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na twiga walipojitokeza binti alitamani tusimame tupige picha. Nilimwomba avumilie, kwa kuwa picha za kibiashara hifadhini zinahitaji kibali. Kufika Momella, mlima ulituonyesha ubavu wake uliobomoka: upande wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukaacha bonde kubwa linalotazama maziwa. Baada ya hapo kijani kilikatika. Ikabaki ardhi ya majivu ya volkano, migunga iliyotawanyika, vumbi, na Kilimanjaro ikielea upande wa mashariki.

Wachumba walikuja na mapozi waliyoyaona kwenye simu: paji kwa paji, kijana kambeba binti juu juu. Mbele ya shangazi hayakukaa. Mikono ya kijana ilitulia kiunoni mwa mchumba wake kama mikono ya kuazima.

Sikuwalazimisha. Kwetu wapendanao hawakumbatiani mbele ya wakubwa, na mpiga picha anayewashurutisha hupata picha ya aibu yao. Nilimgeukia shangazi. "Shangazi, hebu wasimulie habari za ardhi hii."

Akaketi juu ya jiwe, nao wakachuchumaa mbele yake. Akawaeleza jinsi mwaka 1951 serikali ya mkoloni ilivyowafukuza Wameru hapa Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu, nyumba zikachomwa moto. Na jinsi Kirilo Japhet alivyotumwa na Wameru wenzake hadi New York mwaka 1952, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai haki yao. Niliwaacha, nikarudi nyuma na lenzi ya milimita 135. Shangazi alipofikia habari ya moto, binti alishika mkono wa shati la mchumba wake bila kumtazama. Kijana akasogeza bega likamgusa. Nikapiga.

Ulipofika wakati wa kula, binti alichukua kidumu cha maji akamnawisha mchumba wake, kama ilivyo desturi. Nikamwambia kijana, "Kaka, nawe mnawishe." Akacheka, akapokea kidumu. Alimimina kidogo kidogo, akiyaonea huruma maji kwa ukame ule, na matone yakatoboa vumbi miguuni pao. Binti akainua uso kumtazama. Sikuwa na haja ya kumwambia atabasamu.

Nchi kavu ina masharti yake. Ardhi yenye weupe chini ya jua kali huidanganya kamera, ikapunguza mwanga na nyuso zetu nyeusi zikapotea. Mimi huongeza mwanga kwa hatua moja au kupima usoni. Lenzi hubadilishwa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Jua la saa sita tulilikimbia kivulini, tukarudi kazini saa kumi. Karibu na Ikweta jua hutua upesi, na upande huu mlima wenyewe huweza kulifunika mapema, kwa hiyo anayengoja rangi ya dhahabu awe ameshachagua mahali pa kusimama. Jioni hiyo niliwaomba watembee tu kuelekea migunga, wakipanga nani ataandaa ndafu na nani ataalikwa. Walibishana kweli, na picha zikaja zenyewe.

Wapiga picha wenzangu wa Arusha, tusiwageuze vijana wetu kuwa waigizaji wa mapenzi ya watu wengine. Mapenzi yao yamo katika kunawishana, kusikilizana, kubebeana mzigo na kupanga maisha. Wapeni jambo la kufanya pamoja, mahali penye maana kwao, kisha rudini nyuma hatua kadhaa. Picha iliyochaguliwa kutundikwa ukumbini ni ile ya kidumu, na aliyeichagua ni shangazi.