Rubani Mchanga na Mikataba Miwili

Mtaa wa Mbugangari, mjini Gisenyi, umekaribiana na Goma kiasi kwamba jogoo wa upande mmoja wa mpaka huwaamsha watu wa upande wa pili. Katika nyumba moja ya mtaa huo, jioni moja ya mwaka 2022, sajini mstaafu wa polisi, mkewe na watoto wao walikuwa wamemaliza kula ndizi na sambaza wa Ziwa Kivu. Vyombo vilipoondolewa, kijana wao wa kwanza, mwenye umri wa miaka 23, aliweka mezani barua mbili.

Kijana huyo alikuwa amepata leseni ya rubani wa biashara, ambayo kwa kawaida hudai saa zipatazo 200 za kuruka. Ili saa hizo zitimie, kiwanja cha familia kilikuwa kimeuzwa. Majirani walidhani taabu imekwisha. Kumbe leseni ni ufunguo tu. Mlango wa kuufungua ndio uliokuwa haujachaguliwa.

Barua ya kwanza ilitoka kwa kampuni ndogo ya nchi jirani, yenye ndege chache za kupeleka mizigo na abiria kwenye viwanja vya udongo. Mshahara ulikuwa mnono, tena wa dola, na kazi ingeanza juma lililofuata. Waliahidi kumkabidhi ndege aiongoze mwenyewe baada ya mwaka mmoja. Barua ya pili ilitoka kwa shirika kubwa. Huko angefundishwa upya kwa miezi kadhaa, kwani kila aina ya ndege kubwa ina mafunzo yake. Angepokea posho ndogo wakati wa mafunzo, kisha angekaa kiti cha kulia, kiti cha rubani msaidizi, kwa miaka mingi. Zaidi ya hayo, alitakiwa kutia sahihi ya kutumika miaka mitano, au kulipa gharama ya mafunzo endapo angeondoka mapema.

Kijana aliipenda ya kwanza. Hoja zake hazikuwa za kitoto. Leseni ya juu kabisa ya urubani hudai saa 1,500, na katika kampuni ndogo saa huongezeka upesi. Tena ada ya shule ya dada yake ilikuwa ikingoja. Na jina kubwa si dhamana ya maisha: East African Airways, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilikufa mwaka 1977, Uganda Airlines ilifungwa mwaka 2001, ikafufuliwa mwaka 2019. Mashirika huzaliwa na kufa, bali saa zilizoandikwa katika daftari la rubani ni mali yake.

Baba alitikisa kichwa kuafiki. Mama ndiye aliyeuliza, "Mwanangu, siku utakapoona mvua na kusema leo haturuki, mwenye ndege atakujibu nini?"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa swali hilo lilitoka wapi. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya abiria aina ya DC-9 ilishindwa kupaa Goma, katika njia ambayo lava ya Nyiragongo ilikuwa imeifupisha tangu mwaka 2002. Ilipita mwisho wa njia ikaangukia mtaa wa watu. Watu wapatao 40 walifariki, wengi wao wakiwa chini, katika shughuli zao. Kijana wakati huo alikuwa na miaka tisa, na aliuona moshi akiwa ng'ambo ya pili ya mpaka.

Kesho yake alimpigia simu rubani aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ile ndogo, akamwuliza swali la mama. Jibu lilikuja bila kusita: "Atatafutwa mwingine wa kuruka." Aliuliza pia katika shirika kubwa. Huko aliambiwa kwamba msaidizi anaruhusiwa kumpinga kapteni, hufundishwa namna ya kufanya hivyo, na akiona kasoro huiandika bila kuadhibiwa.

Usiku huo aliwasimulia wazazi mkasa aliofundishwa darasani. Tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737 ya Kenya Airways iliondoka Douala, nchini Kamerun, usiku wa dhoruba. Taarifa ya uchunguzi ilieleza kwamba ndege ililala polepole upande wa kulia bila marubani kutambua, na kwamba mtambo wa kujiendesha haukuwa umeshika kazi. Ilitaja pia upungufu wa ushirikiano kati ya kapteni mwenye miaka 52 na msaidizi wake mwenye miaka 23. Watu wote 114 walikufa.

"Miaka ishirini na mitatu," mama alirudia.

Ndipo sajini akanena jambo ambalo hakuwa amewahi kulitamka mbele ya watoto. Katika ujana wake, mkubwa wake aliamuru gari livuke mto uliofurika. Yeye aliyaona maji, akanyamaza, kwa kuwa amri ni amri. Mwenzao mmoja hakurudi. "Nilimheshimu mkubwa wangu," alisema, "na heshima ile ilituua mtu. Nenda mahali utakapofundishwa kusema."

Kijana alitia sahihi mkataba wa miaka mitano. Ada ya dada yake ilichelewa muhula mzima, na binti huyo alinung'unika, tena kwa haki.

Yafaa wazazi wenye vijana wanaotafuta kazi ya namna hii walitafakari jambo hilo. Mshahara huandikwa kwenye barua, na cheo huandikwa kwenye barua. Lakini jinsi mdogo anavyosikilizwa siku ya hatari haiandikwi. Hilo sharti liulizwe, tena kwa wale waliokwisha kuondoka, kabla kalamu haijagusa karatasi.